Hamisha Kana Kwamba Umeme Utakatika: Mafunzo Niliyopata Kwenye Seva za Masumbwe

Masumbwe iko wilayani Mbogwe, mkoani Geita, kando ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama na kubeba malori ya Rwanda na Burundi. Hadi mwaka 2012 eneo hili lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Bukombe, mkoani Shinyanga. Anayepita na basi huona maduka, mashine za kukoboa mpunga na karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Haoni seva. Lakini zipo: moja chini ya meza ya mhasibu, nyingine kwenye kabati la chuma nyuma ya maabara ya kupimia kaboni, nyingine ndani ya stoo ya duka la jumla.

Nyingi zinatumia Linux, mmoja wa wajukuu wa Unix iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969. Kwenye mtambo wa uchenjuaji wa dhahabu, seva hubeba mambo yanayoweza kugombanisha watu: uzito wa marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa) aliyoleta kila mchimbaji, majibu ya maabara, picha za kamera, hesabu za sianidi na kaboni, na risiti za mauzo. Diski inapojaa au inapoanza kulia, anaitwa fundi. Mengi ya niliyojifunza juu ya kuhamisha mifumo ya faili kutoka volyumu moja kwenda nyingine nimeyapata katika kazi hizo. Vitabu vinafundisha amri. Masumbwe inafundisha mpangilio wa amri, kwa sababu hapa umeme hauahidi na duka la vipuri liko Kahama.

1. Kabla ya kuhamisha, uliza kama kuna haja

Mteja husema diski imejaa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Amri ya kwanza ni df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni df -i, inayoonyesha inodi zilizobaki. Inodi ni kumbukumbu ndogo inayotunza habari za kila faili, na kwenye ext4 idadi yake hupangwa siku volyumu inapoumbwa. Kwa kawaida hutengwa inodi moja kwa kila kilobaiti 16, hivyo volyumu ya gigabaiti 100 hupata takriban milioni 6.5. Kamera inayohifadhi picha ndogo ndogo kila sekunde inaweza kuzimaliza huku nafasi ikiwa bado tele. Programu zitalalamika kwamba hakuna nafasi, na df -h itasema ipo. Zote mbili zinasema kweli.

Kuna hali ya pili. Ukijumlisha faili kwa amri ya du unapata kiasi kidogo kuliko kile inachosema df. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Jina limeondoka, nafasi haijarudi. Amri lsof +L1 hulifichua, na kuiwasha upya programu hiyo peke yake hurudisha nafasi.

Ya tatu: ext4 hutenga asilimia 5 ya volyumu kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root. Kwenye volyumu ya mfumo hiyo ni kinga nzuri. Kwenye volyumu ya terabaiti 1 inayohifadhi picha tu, ni gigabaiti 50 zilizolala. Amri tune2fs -m 1 huzirudisha nyingi kwa sekunde moja.

Nimeondoka kwenye mitambo kadhaa bila kuhamisha kitu chochote, na mwenye mtambo akabaki na fedha aliyokuwa ametenga kununulia diski.

2. Panga kila hatua kana kwamba umeme utakatika katikati yake

Hili ndilo somo mama, na mengine yote yanalitegemea. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi za ukanda huu wa Ziwa si za kuchezea. Kiangazi nacho kina vumbi la karasha linalojaza feni. UPS ipo, lakini betri yake mara nyingi imechoka na hutoa dakika chache tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza njia ipi ina kasi zaidi, nauliza: ikikatizwa sasa hivi, nitaanzia wapi?

Ukizipima njia zinazojulikana kwa swali hilo, sura inabadilika.

dd hunakili diski nzima, baiti kwa baiti, pamoja na sehemu tupu. Volyumu ya terabaiti 1 yenye gigabaiti 100 za data itanakiliwa yote terabaiti 1. Ikikatizwa, upande wa pili unabaki na nusu ya mfumo wa faili, na nusu ya mfumo wa faili haiaminiki. Naitumia kwa nadra. Kama diski ya zamani imeanza kuharibika, nachukua ddrescue ya GNU badala yake, kwa sababu huandika ramani ya sehemu ilizokwisha kusoma na kuendelea pale ilipoishia.

tar, iliyokuja na toleo la saba la Unix mwaka 1979 kwa ajili ya kanda za sumaku, bado ni imara ikiunganishwa kwa bomba: upande mmoja unafunga, upande wa pili unafungua, bila faili la kati. Kwa faili ndogo nyingi inakwenda vizuri. Lakini ikikatizwa haikumbuki kitu, unaanza upya.

mv kati ya volyumu mbili ndiyo ninayoikataza kabisa. Ndani ya volyumu moja inabadilisha jina tu. Kati ya volyumu mbili inanakili halafu inafuta. Ukiipa saraka nyingi, itamaliza ya kwanza na kuifuta, kisha iende ya pili. Umeme ukikatika, sehemu ya data iko kule, sehemu iko huku, na hakuna upande ulio kamili.

rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ndiyo farasi wangu wa kila siku. Wengi huisifu kwa ule ujanja wake wa kutuma tofauti tu za faili kupitia mtandao. Kati ya diski mbili za seva moja ujanja huo kwa kawaida hautumiki. Kwa chaguo-msingi hunakili faili zima. Faida yake kwetu ni nyingine: ikirudiwa, hulinganisha ukubwa na saa ya kila faili na kuruka yaliyokwisha kuhama. Umeme ukirudi, unarudia amri ile ile:

rsync -aHAXxS --info=progress2 /data/ /mnt/mpya/

Angalia mkwaju wa mwisho baada ya /data. Ukiwapo, rsync hunakili yaliyomo ndani. Usipokuwapo, hunakili saraka yenyewe, na utakuta /mnt/mpya/data. Ukiongeza --delete huku mkwaju ukiwa umekosewa, rsync inaweza kufuta yale usiyokusudia. Ndiyo maana kila amri yenye --delete huanza na -n, yaani jaribio lisilogusa kitu, na nasoma orodha yake kabla ya kuondoa -n.

Penye LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia volyumu, kuna njia tamu zaidi. Unaiandaa diski mpya kwa pvcreate, unaiingiza kwenye kundi la volyumu kwa vgextend, kisha pvmove inahamisha vipande kutoka diski ya zamani kwenda mpya huku watu wakiendelea na kazi. Seva ikizimika katikati, ikiwaka unaandika pvmove bila neno lingine, nayo inaendelea kutoka alama ya mwisho iliyoihifadhi. Mwisho vgreduce huitoa diski ya zamani. Mfumo wa faili hata haujui kwamba umehama.

Na chochote ninachokiendesha, nakiendesha ndani ya tmux au screen. Mara nyingine umeme wa seva uko salama. Ni kompyuta yangu ya mkononi iliyokatika mtandao. Bila tmux, kazi inakufa pamoja na dirisha lililoianzisha.

3. Kinachozunguka data nacho ni data

Kwenye mtambo mmoja nilikuta maabara haiwezi kuandika majibu mapya. Faili zote zilikuwapo, hakuna hata moja lililopungua. Aliyetangulia alikuwa amezihamisha kwa cp -r akiwa root, na kila faili likawa mali ya root. Programu ya maabara, inayoendeshwa na mtumiaji wake maalumu, ikageuka mgeni ndani ya nyumba yake. Tarehe nazo zilikuwa zimebadilika zote kuwa za siku ya kuhama, hivyo sampuli za miezi yote zilionekana kama zimepimwa asubuhi moja. Mahali ambapo mchimbaji anaweza kuja kudai, “Mzigo wangu mliupima lini?”, tarehe ya faili ni ushahidi.

Kwa hiyo cp hutumika na -a, si -r. Kwa rsync, -a huhifadhi ruhusa, mmiliki, kikundi, tarehe na viungo vya njia. Lakini haihifadhi kila kitu. -H hutunza faili lenye majina zaidi ya moja. Bila hiyo kila jina huwa faili jipya, na bakapu za rsnapshot, zinazotegemea mbinu hiyo kubana nafasi, hufura kuliko diski unayohamia. -A hutunza orodha za ruhusa za ziada, kwa mfano pale mhasibu anaporuhusiwa kusoma na mlinzi kutazama kamera tu. -X hutunza sifa za ziada, zikiwamo lebo za SELinux. -S hutunza faili lenye mashimo: diski ya mashine pepe inayosema ina gigabaiti 100 huku imetumia 12 tu.

Kuhusu wamiliki, jiulize unahamisha nini. Ukihamisha mfumo mzima pamoja na /etc/passwd yake, ongeza --numeric-ids ili namba zibaki zilivyo. Ukihamisha data tu kwenda seva mpya yenye watumiaji wa majina yale yale, acha rsync ilinganishe majina, kwa sababu mtumiaji namba 1003 wa seva ya zamani anaweza kuwa mtu mwingine kwenye mpya.

Tahadhari ya mwisho hapa ni diski za nje zinazouzwa madukani. Nyingi huja na exFAT au NTFS. exFAT haijui mmiliki wala ruhusa za Unix, na FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Ukizitumia kama kituo cha kati, funga kwanza kila kitu ndani ya faili la tar, au iumbe upya diski kwa ext4.

4. Usivuke mpaka bila kujua

Mti wa saraka za Unix huonekana kama kitu kimoja, lakini ndani yake mifumo mingi ya faili imepachikwa. Ukinakili / yote bila kuweka mpaka, utaingia /proc, /sys na /dev, ambazo si data bali madirisha ya kerneli. Faili /proc/kcore kwenye mashine nyingi za biti 64 hujitangaza kuwa na terabaiti 128. Hakuna diski Masumbwe nzima inayoweza kulipokea, na halina sababu ya kunakiliwa. Kwa sababu hiyo naweka -x kwenye rsync na cp, au --one-file-system kwenye tar, kisha nahamisha kila volyumu peke yake.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Siku diski ya kamera haikupachikwa wakati seva inawaka, programu ya kamera haikusita. Iliandika kwenye saraka tupu iliyokuwa mahali pa diski, yaani ndani ya volyumu ya mfumo. Baadaye diski ikapachikwa juu yake na yale maandishi yakafunikwa. Hayaonekani kwa du, lakini yanakula nafasi. Kuyaona, pachika mzizi mahali pengine:

mount --bind / /mnt/mzizi

Ndani ya /mnt/mzizi utaziona saraka kama zilivyo chini ya diski zilizopachikwa. Mimi huzikagua kabla ya kila kuhama, na zaidi ya mara moja nimekuta huko picha ambazo mwenye mtambo alidhani zimepotea.

5. Hifadhidata hainakiliwi ikiwa inaandikwa

Picha ya kamera ya jana haibadiliki leo. Hifadhidata hubadilika wakati unaisoma. Ukinakili faili za PostgreSQL au MariaDB huku programu inaandika, utapata ukurasa wa kwanza wa saa nne na ukurasa wa mwisho wa saa tano. Nakala inaweza hata kuwaka, kisha ikavurugika siku mtu anapotafuta muamala mmoja.

Njia ninayoifuata ina mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza unafanyika kazi ikiendelea: rsync inahamisha kila kitu, hata yale yatakayobadilika. Unaweza kuchukua usiku mzima na hakuna anayeumia. Mzunguko wa pili unafanyika baada ya kusimamisha huduma zote. Amri ni ile ile, safari hii ikiwa na --delete ili kuondoa yaliyofutwa katikati. Kwa kuwa sehemu kubwa imeshahama, kusimama kunakuwa kufupi. Kabla ya kuzisimamisha huduma hizo natoa pia nakala ya maandishi kwa pg_dump au mariadb-dump na kuiweka kwenye diski ya tatu.

Muda wa kusimama hauamuliwi na fundi. Kwenye uchenjuaji, kaboni ikishaingizwa kwenye hatua ya kuondolewa dhahabu, wasimamizi wanataka vipimo mfululizo. Mzee mwenye mtambo aliwahi kuniuliza, “Fundi, hiyo mashine yako italala saa ngapi?” Nikamwambia hapana, yeye ndiye wa kunipa saa, nami nitapanga kazi iingie humo. Tuliangalia ratiba ya zamu pamoja na msimamizi wa maabara, tukachagua muda kati ya mzigo mmoja na mwingine. Tangu hapo swali hilo naliuliza kabla hata ya kufungua kabati la seva.

6. Muda huhesabiwa

Kusema “itachukua muda kidogo” ni kumdanganya mteja na nafsi yako. Hesabu ni nyepesi. Gigabaiti 400 kupitia tundu la USB 2.0, lenye mwendo halisi wa takriban megabaiti 35 kwa sekunde, ni saa 3 na dakika 10. Kupitia USB 3.0 kwenda diski ya sahani inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, ni kama dakika 67. Kuzituma kwenye seva ya mbali kwa intaneti yenye mwendo wa kupakia wa megabiti 10 kwa sekunde ni saa 89, karibu siku nne, bila mtandao kuyumba hata mara moja. Diski iliyofungwa vizuri ndani ya begi, kwenye basi la kwenda Mwanza, hufika mapema zaidi.

Hesabu hizo ni za faili kubwa. Faili ndogo zina kodi yake. Kama kichwa cha diski ya sahani kinahitaji takriban milisekunde 10 kulifikia kila faili, faili milioni moja zitadai sekunde 10,000 za kutafuta peke yake, karibu saa tatu kabla ya kuhesabu kusoma na kuandika. Kwa picha za kamera za miaka iliyopita huwa nazifunga kwanza mwezi kwa mwezi katika tar, na safari inakuwa ya faili kumi na mbili kwa mwaka.

Hesabu ya muda inahusu vipuri pia. Kebo ya SATA ikifa usiku, ya pili iko Kahama, au Geita, au Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa kinachotoka Mwanza kupitia Geita, lakini umbali uko pale pale. Ndani ya begi langu kuna kebo mbili za kila aina, kisanduku cha USB cha kuvalisha diski, na fleshi ya kuwashia seva iliyogoma.

7. Chagua nyumba mpya ukifikiria siku ya kupunguza

Anayenunua diski kubwa huona siku ya kupanuka tu. ext4, iliyoingia rasmi kwenye Linux 2.6.28 mwishoni mwa 2008, hupanuliwa ikiwa kazini na hupunguzwa ikiwa imepachuliwa. XFS, iliyotengenezwa na Silicon Graphics katika miaka ya 1990 na kufanywa chaguo-msingi la Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, hupanuliwa vizuri kwa xfs_growfs, lakini kwa matumizi ya kawaida haipunguzwi. Ukitaka volyumu ya XFS iwe ndogo, unaumba nyingine na kuhamisha upya.

Kwa faili kubwa za video naipenda XFS. Kwa seva ndogo ambayo kesho itaombwa kugawa nafasi kwa ajili ya mfumo wa mishahara, nachagua ext4 juu ya LVM. Tena sigawi diski yote siku ya kwanza. Terabaiti 2 zikifika, naumba volyumu zinazotosha mwaka mmoja na kuacha nafasi nyingine wazi ndani ya kundi. Kuongeza kwa lvextend -r ni kazi ya dakika moja. Kupunguza ni kazi ya usiku.

8. Diski itambuliwe kwa UUID

Jina /dev/sdb ni la foleni. Leo diski imetambuliwa ya pili, kesho baada ya kuchomeka kisanduku cha USB inakuwa ya tatu. Kila mfumo wa faili una UUID yake, inayoonekana kwa blkid, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye /etc/fstab. Mfumo wa faili mpya una UUID mpya, hata kama data ni ile ile, hivyo kuhama kwa rsync bila kubadilisha fstab ni kumwelekeza mgeni nyumba ya zamani. Ukinakili kwa dd, tatizo linageuka: diski mbili zina UUID moja. XFS hukataa kupachika ya pili yake. Mifumo mingine inaweza kupachika usiyoitaka. Chomoa moja kabla ya kuwasha.

Baada ya kuhariri fstab, endesha findmnt --verify, kisha mount -a, ukiwa bado umeketi mbele ya seva. Kwa volyumu zisizo za lazima kama kamera, ongeza nofail, ili diski hiyo ikifa seva isikwame njiani huku wewe uko Ushirombo. Na kama umehamisha mzizi wenyewe, sanikisha upya GRUB kwenye diski mpya na tengeneza upya initramfs. Jaribio la mwisho ni kuizima seva, kuchomoa diski ya zamani na kuiwasha. Isipowaka, ni afadhali ujue ukiwa hapo hapo.

9. Uzito si usafi

Mnunuzi wa dhahabu haridhiki na mizani. Anapima uzito, kisha anapima usafi, kwa sababu vipande viwili vyenye uzito mmoja vinaweza kutofautiana mno. Kuhakiki nakala kunataka vipimo viwili hivyo hivyo.

Uzito ni idadi ya faili na ukubwa wake. Nahesabu pande zote mbili kwa find pamoja na wc -l. Jumla za du zinaweza kutofautiana kidogo bila kosa lolote, maana kila mfumo wa faili hugawa vipande kwa namna yake, na saraka iliyowahi kuwa na faili nyingi kwenye ext4 hubaki na ukubwa wake hata ikishapunguzwa. Kwa hiyo du ni dalili tu.

Usafi ni maudhui. Kwa huo natumia:

rsync -aHAXxcni /data/ /mnt/mpya/

Herufi c huilazimisha isome kila faili pande zote mbili na kulinganisha alama zake. Herufi n huizuia kubadilisha chochote. Herufi i hutaja kila tofauti iliyoikuta. Ikinyamaza, nakala ni sahihi. Ni kazi ndefu, inasoma data yote mara mbili, nami naiendesha hata hivyo. Nina sababu: diski inayochakaa inaweza kutoa makosa ya kusoma yanayopita kwenye mistari elfu ya skrini bila mtu kuyaona. Ndiyo maana pia naelekeza matokeo ya kila amri kwenye faili la kumbukumbu, na dmesg naisoma kabla ya kufurahi.

Halafu kuna kipimo ambacho hakuna amri inayokitoa. Namwomba dada wa uhasibu afungue ripoti ya mwezi uliopita, fundi wa maabara aandike jibu la majaribio na kulifuta, mlinzi arudishe picha za jana usiku. Wao ndio wanaojua mfumo ukiwa mzima unafananaje.

Volyumu ya zamani haifutwi siku hiyo. Naipachika kwa kusoma tu na kuiacha ikae hadi hesabu za mwezi zifungwe, kwa sababu kuna saraka ambazo hufunguliwa mwisho wa mwezi peke yake.

10. Diski ya zamani bado inazungumza

Muda huo ukipita, kinabaki kifaa chenye majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wachimbaji. Kufuta faili kwa rm, au kuumba upya mfumo wa faili, huacha sehemu kubwa ya data mahali pake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtambo mdogo wa Mbogwe unaotunza taarifa za watu nao unaguswa.

Diski ya sahani naiandika juu kwa shred mara moja, na kwa matumizi haya inatosha. SSD haiaminiki kwa njia hiyo, kwa kuwa yenyewe huamua iandike wapi. Kwake natumia amri ya kujifuta iliyojengwa ndani na mtengenezaji. Diski iliyokufa isiyopokea amri yoyote naitoboa kwa drili mbele ya mwenyewe, na tunaandika tarehe na namba yake.

11. Acha daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilijenga desturi ya kuacha karatasi ndani ya mlango wa kabati la seva, kwa Kiswahili, iliyowekwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Ina ramani ya volyumu na saraka zake, UUID, amri zilizotumika kwa mpangilio wake, faili la kumbukumbu lilipo, tarehe ya kuifuta volyumu ya zamani, na mstari mmoja unaosema nini kifanyike seva ikigoma kuwaka. Nywila haziandikwi hapo; hizo anazo mwenye mtambo.

Karatasi hiyo simwandikii mteja peke yake. Fundi atakayeitwa baada yangu huenda akatoka Kahama au Katoro, akafika jioni, betri ya UPS ikiwa imebakiwa na dakika kumi. Akikuta amri ya rsync imeandikwa pamoja na neno “imekatizwa mara mbili, irudie hivi hivi,” hana haja ya kunitafuta kwenye simu. Ataketi, ataiandika, na kazi itaendelea pale ilipoishia.